Kibarua cha Kalamu

Neno "kibarua" twalitumia kila siku, lakini wachache hukumbuka asili yake. Maana yake ni barua ndogo. Zamani mtu aliyekwenda kufanya kazi ya kutwa alipewa kipande cha karatasi, na kwa kipande hicho ikajulikana kwamba amefanya kazi na kwamba astahili ujira wake. Hatimaye watu wakazoea kumwita mfanya kazi mwenyewe kwa jina la karatasi yake. Mimi nami ni kibarua tangu mwaka 2017, si wa jembe wala wa mkonge, bali wa kalamu. Na hasara kubwa iliyonipata katika kazi hiyo ilitoka katika karatasi moja ambayo sikuisoma vema. Ndiyo sababu nawaandikia walimu wenzangu habari hii, maana wengi wameniuliza njia ya kuingia katika kazi, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za karatasi.

Kazi yenyewe ni kuandika michezo ya mezani. Nisemapo hivyo, msomaji asidhani nasema bao au karata au dama. Iko michezo ya namna nyingine, nayo huchezwa hivi. Watu watano au sita hukaa kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, naye peke yake ndiye ajuaye nchi ya hadithi, milima yake na watu wake na hatari zake. Wengine, kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi: huyu ni askari, yule mganga, na yule mwizi aliyetubu. Msimulizi husema, "Mmefika mtoni, na daraja limevunjika. Mtafanyaje?" Nao hujibu kila mtu kwa akili yake. Jambo likiwa la mashaka, kama vile kuruka mto, hutupwa dadu, na dadu iliyo kubwa miongoni mwao ina nyuso 20. Ikianguka vema, mtu amevuka. Ikianguka vibaya, amechukuliwa na maji, na wenzake hawana budi kumtafuta. Hadithi zetu za jioni huanza kwa msimulizi kuita na wasikilizaji kuitikia, kisha wasikilizaji hunyamaza. Katika mchezo huu hawanyamazi mpaka mwisho, na mwisho wenyewe haujulikani na mtu yeyote, hata msimulizi.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapwa uliitwa Dungeons & Dragons, nao ulitoka Marekani mwaka 1974. Walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alikuwa mtu wa Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Alikuwa karani wa bima, akapoteza kazi, akawa akishona viatu ili kuwalisha watoto wake. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Nayataja haya ili mwalimu asidhani kwamba kazi hii ilianzishwa na mabwana wakubwa. Ilianzishwa na fundi viatu na rafiki zake. Leo vitabu vya michezo hii ni vingi mno, na kila kitabu chahitaji maneno maelfu kwa maelfu. Wachapaji hawana waandishi wa kutosha nyumbani mwao, kwa hiyo hutoa sehemu za kazi kwa vibarua popote walipo, na kuwalipa kwa kuhesabu maneno.

Mimi naliujua mchezo huu mwaka 2015, wakati kijana mmoja alipokuja kufundisha kwa muda katika shule ya jirani, hapa kwetu katika milima ya Taita. Alikuwa na mfuko wa dadu na kitabu kilichochakaa. Wakati wa likizo, mvua ikinyesha na ukungu ukiwa umeshuka hata mlangoni, twalikaa watano katika chumba cha walimu tukacheza mpaka usiku. Naliporudi nyumbani sikulala. Nalijisemea moyoni, "Kumbe watu hulipwa kwa kazi hii ambayo nyanya yangu aliifanya bure kando ya jiko!"

Baada ya miaka miwili nalianza kuandika, na nalianza vibaya. Naliandika kurasa 60 za nchi niliyoibuni mwenyewe, wafalme wake kumi na wawili, nasaba zao, na vita vyao vyote. Nalipeleka kwa nyumba moja ya kuchapa ng'ambo ambayo haikuwa imeomba kitu. Nalingoja miezi tisa, na jibu halikuja. Nalikasirika, nikasema kwamba wale watu hawawataki waandishi wa Afrika. Yamkini hawakusoma hata ukurasa mmoja. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu: nalikwenda kulima shamba la mtu bila kuitwa, kisha nikadai ujira.

Zamani njia ilikuwa wazi zaidi. Kulikuwa na gazeti la Marekani lililoitwa Dungeon, lililochapwa tangu mwaka 1986 hata 2007, na kazi yake ilikuwa kupokea hadithi za mchezo kutoka kwa wasomaji wake na kuzichapa. Wengi waliopata jina baadaye walianzia humo. Mimi nalikuja mlango ule umekwisha kufungwa. Lakini mwaka 2016 ulifunguliwa mwingine. Wizards of the Coast, ambao ndio wenye Dungeons & Dragons, walianzisha pamoja na wauza vitabu wa mtandaoni soko liitwalo Dungeon Masters Guild, na mtu yeyote aweza kuweka humo hadithi yake ya mchezo na kuiuza. Nusu ya bei ni ya mwandishi. Nami naliandika kurasa nane, nikaziuza kwa dola moja. Katika mwaka wa kwanza zilinunuliwa nakala 11. Fungu langu lilikuwa dola tano na nusu. Mke wangu aliponiuliza kama nimeacha kusahihisha madaftari ya watoto kwa ajili ya dola tano na nusu, sikuwa na jibu.

Hata hivyo kurasa zile nane zilinifaa kuliko zile 60. Kwa maana zilikuwa zimekwisha. Mhariri aweza kuzifungua, akaona kwa dakika kumi kwamba mtu huyu ajua kuanza, ajua kumaliza, na ajua kuhesabu maneno. Mwaka 2018 nyumba nyingine ya kuchapa ilitangaza kwamba yataka hadithi fupi za mchezo kutoka kila nchi, na kwamba kila aombaye apeleke wazo lake kwa maneno yasiyozidi 200, pamoja na mfano wa kazi yake. Nalipeleka wazo la maneno 196, na kurasa zangu nane. Baada ya wiki tano nalipata jibu. Walitaka hadithi ya maneno 2,500, kwa senti tano za dola kila neno, nami niimalize kwa wiki sita.

Wazo nililowapelekea halikuwa langu. Lilikuwa la nyanya yangu, mama yake baba. Alikuwa akitusimulia kwa Kitaita habari za mwaka wa njaa, ambao chemchemi zote zilikauka isipokuwa moja, na penye chemchemi ile aliketi mwanamke mzee. Hakumzuia mtu kuchota, ila alimwuliza kila mmoja neno moja tu: "Wamchotea nani?" Aliyejibu, "Najichotea mwenyewe," kibuyu chake kilikuwa kizito kama jiwe, hakuweza kukiinua. Aliyejibu, "Namchotea mwenzangu," kibuyu kilikuwa chepesi mpaka nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyoisikia nilipokuwa na miaka saba. Nami naliiandika kwa Kiingereza, moja kwa moja kutoka Kitaita, nikampa yule mwanamke jina nililolitunga, nikaipamba chemchemi kwa mawe na majani na ndege. Naamini sijapata kuandika vizuri hivyo tena.

Mhariri aliirudisha. Alisifu maneno, kisha pembeni aliandika maswali. Wasipomjibu, je? Wakija usiku wakati amelala, je? Wakiwa na maji yao wenyewe, je? Mwishoni aliandika kwamba nimeandika hadithi nzuri ya kusoma, lakini sijaandika mchezo, kwa sababu katika kurasa zote hakuna mahali ambapo mchezaji aweza kutenda neno nisilolitaka mimi.

Naliona haya, maana neno hili ningalilijua tangu chuoni. Mwalimu wangu wa ualimu alikuwa akisema kwamba andalio la somo lisilo na nafasi ya swali la mtoto si andalio, ni hotuba. Mwanafunzi wa ualimu hupanga: nitasema hivi, watoto watajibu hivi, nitaandika ubaoni hivi. Kisha siku ya somo mtoto wa dawati la nyuma huinua mkono akauliza jambo lisilo katika karatasi, na somo lote huanguka. Mwandishi wa mchezo ana taabu kubwa kuliko hiyo. Yeye hayupo darasani. Amekaa Taita, na andalio lake litafundishwa na mtu asiyemjua, katika nyumba asiyoiona, kwa wanafunzi ambao wametoa fedha zao ili wauvuruge mpango wake.

Basi Jumamosi moja naliwaita wenzangu wa shule tukaijaribu. Nalikuwa msimulizi. Nalisoma maneno yangu mazuri juu ya chemchemi, nikamleta yule mwanamke mzee, naye akauliza swali lake. Mwalimu wa hesabu alifikiri kidogo, akasema, "Mimi simjibu. Nashuka hatua 40 chini ya kilima, nachimba kisima changu. Maji yakitoka juu, hapana budi yapo na chini."

Nalisema, "Ndugu yangu, huwezi."

Akasema, "Kwa nini? Nina jembe. Umeandika mwenyewe kwamba mtu wangu ni mkulima."

Mwalimu wa Gredi ya 2, mama mpole asiyependa ubishi, akasema yeye angeketi kando ya yule mzee na kumpa nusu ya muhogo wake kabla ya kujibu neno lolote, kwa kuwa si adabu kuanza na maji wakati mtu hajaulizwa hali. Nalitazama karatasi zangu. Sikuwa na neno la kumjibu huyu wala yule.

Naliandika upya. Sikuandika tena, "Wasafiri watamjibu mzee." Naliandika, "Wakimjibu, hutokea hivi. Wakikataa, hutokea hivi. Wakichimba mahali pengine, hupata maji, lakini chemchemi ya juu hupungua kwa kadiri hiyo, na jioni wanakijiji huja kuuliza sababu. Wakimkaribisha chakula, huwaeleza kwa nini auliza." Nalijifunza kumwambia msimulizi mambo anayoyahitaji kwanza, na mapambo baadaye, kwa kuwa asoma na huku wenzake wamemkodolea macho. Nalijifunza kutenga maneno ya kusomwa kwa sauti na maneno ya siri yake. Nalijifunza kwamba maneno ya kusomwa kwa sauti yakizidi mistari mitano, wachezaji huanza kuchezea dadu, kama vile watoto huanza kuchora madaftarini. Pia nalijifunza kutomwambia mchezaji anachokiwaza moyoni. Nisiandike, "Mnaogopa." Niandike yale yaliyo mbele ya macho yake na masikio yake, kisha aogope mwenyewe kama akipenda. Mhariri aliipokea kazi ya pili, akabadilisha maneno machache, akanishukuru kwa kuileta siku ile ile niliyoahidi. Baadaye nalielewa kwamba shukrani ile ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, maana mhariri mwenye waandishi 12 hungoja yule mmoja anayechelewa, na kitabu chote hungoja pamoja naye.

Sasa habari za fedha. Maneno 2,500 kwa senti tano ni dola 125. Kazi ile ilinichukua jioni 25, pamoja na kuandika upya. Kwa hiyo kila jioni ilikuwa dola tano, yapata shilingi 500 za Kenya kwa siku zile. Naliimaliza mwezi wa Machi 2019. Lakini hati ilisema kwamba malipo ni siku 30 baada ya kitabu kutoka, na kitabu kilitoka Januari 2020. Nalipata fedha zangu mwezi wa Februari, nikazitoa kwa M-PESA pale sokoni Wundanyi, miezi 11 baada ya kuweka kalamu chini. Naziandika hesabu hizi wazi, ili mtu asije akaacha ualimu kwa sababu yangu. Mwezi uliofuata shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya korona, nami naliandika sana katika miezi ile. Hata hivyo sijapata mwaka mmoja ambao kalamu yangu ingeweza kulisha nyumba yangu bila chaki.

Sasa nafika penye ile karatasi. Mwaka 2022 mwalimu mkuu alinijia, akasema kwamba watoto wa Gredi ya 5 hawana kitabu cha kusoma chenye hadithi za kwetu. Akataka walimu tuandike kimoja, tukipige chapa kwa fedha za wazazi. Akaniambia, "Wewe Mwalimu ni mwandishi. Tupe ile ya chemchemi." Nalikubali kwa furaha. Usiku ule nalifungua hati niliyoitia sahihi mwaka 2018, nikaisoma mara ya kwanza polepole. Ilikuwa na kurasa tatu. Katika ukurasa wa pili iliandikwa kwamba kazi hii imefanywa kwa kuajiriwa, na kwamba haki zote, za lugha zote na nchi zote na namna zote za kuchapa, hata zile ambazo bado hazijabuniwa, ni za mchapaji tangu neno la kwanza. Hakunidanganya mtu. Maneno yalikuwa pale pale, meusi kwa meupe. Mimi nalikuwa nimetazama kiasi cha fedha na siku ya mwisho, nikatia sahihi.

Naliwaandikia wale wachapaji nikawaomba ruhusa. Walinijibu kwa adabu. Walisema kwamba hadithi ya wazee si mali yao, wala hawawezi kumkataza mtu kuisimulia. Lakini maneno nilivyoyapanga, na jina la yule mwanamke, na yote niliyoyaongeza, hayo waliyanunua, nao hawatoi ruhusa. Walikuwa na haki. Lakini fikiri, msomaji, hali yangu. Sikuwahi kuiandika hadithi ile mahali pengine popote, wala kwa Kitaita wala kwa Kiswahili. Nalipojaribu kuiandika upya, kila sentensi iliyonijia ilikuwa ile ile niliyoiuza. Sikuweza tena kutenga maneno ya nyanya yangu na maneno yangu. Naliketi mbele ya karatasi kama mtu aliyeuza shamba la ukoo na sasa haoni tena mpaka ulipokuwa.

Jumapili nalipanda kwa nyanya yangu. Alikuwa amezidi miaka 80, na macho yake yalikuwa yamepungua. Nalimkuta ameketi nje chini ya migomba, anapukuchua mahindi kwa kupapasa.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja bila watoto. Una shida."

Nalimweleza yote, na hata kiasi cha fedha. Nalitazamia kwamba atakasirika. Aliendelea kupukuchua, kisha akauliza, "Na hao walioinunua, waliipenda?"

Nalisema waliipenda.

"Basi si vibaya. Sasa wataka nini kwangu?"

"Nataka unisimulie tena, kama ulivyonisimulia zamani."

Akaisimulia. Njaa ilikuwa ile ile, na chemchemi ile ile, na mzee aliuliza swali lake. Lakini aliponyamaza, hapakuwa na kibuyu kizito wala kibuyu chepesi. Alinyamaza tu, akinielekezea uso wake. Nalingoja. Mwisho nikasema, "Nyanya, umesahau. Kisha kibuyu huwa kizito."

Akacheka. "Sikusahau. Hiyo ya kibuyu naliiongeza kwa ajili yako, kwa kuwa ulikuwa mdogo na ulikuwa na usingizi, na mtoto mwenye usingizi hupewa jibu alale. Mimi mama yangu hakunipa jibu. Aliniuliza. Basi nawe, wewe wamchotea nani?"

Wenzangu, miaka mitatu kabla yake mhariri wa ng'ambo aliandika pembeni mwa karatasi yangu kwamba nimemfungia mchezaji njia. Sasa bibi asiyejua kusoma aliniambia neno lile lile, na kwamba njia ile haikufungwa na wazee, ilifungwa kwa ajili ya mtoto mmoja aliyesinzia. Naliliandika daftarini palepale, kwa Kiswahili, maneno yake jinsi alivyoyatamka, nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili. Hayo ndiyo tuliyoyapiga chapa. Ukurasa wa hadithi ile waishia kwa swali, na chini yake kuna mistari mitupu ili mtoto aandike jibu lake. Na jina la nyanya yangu limeandikwa juu, maana ndiye mwandishi. Katika darasa la kwanza tulilokisoma kitabu, binti mmoja hakuandika kitu. Nalimwuliza sababu. Akasema, "Mwalimu, mimi ningemwuliza yule mzee, je, yeye nani humchotea?" Jibu hilo halimo katika kurasa nilizoziuza.

Sasa nawapa ninyi mnaotaka kuingia katika kazi hii machache niliyojifunza kwa gharama.

Kwanza, cheza kabla ya kuandika, na uwe msimulizi mara nyingi. Asiyepata kuvurugiwa mpango wake mezani hajui aandike nini.

Pili, anza na kitu kidogo ukimalize. Mhariri hawezi kukuamini kwa kurasa 60 zisizokwisha, bali aweza kukuamini kwa kurasa mbili zilizokwisha.

Tatu, ngoja tangazo, kisha utii maagizo yake. Wakisema maneno 200, yasiwe 201.

Nne, jua kilicho wazi na kilichofungwa. Mwaka 2000 Wizards of the Coast walitoa hati iliyowaruhusu watu wote kutumia sehemu kubwa ya sheria za mchezo wao katika vitabu vyao wenyewe, na nyumba nyingi za kuchapa zilisimama juu ya hati ile. Mapema mwaka 2023 ilijulikana kwamba wataka kuibadili; waandishi na wachezaji wakapiga kelele sana; na tarehe 27 Januari mwaka ule wakaacha shauri lile, wakaziweka sheria hizo chini ya hati ya Creative Commons, ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Kwa hiyo leo mwalimu wa Taita aweza kuandika hadithi kwa sheria hizo, akaiuza popote na haki zikabaki zake, mradi ataje mahali alipozitoa. Bali lile soko la mwaka 2016 lina sharti lingine: humo waruhusiwa kutumia hata nchi zao za hadithi zenye majina, lakini ulichokiweka humo huwezi kukiuza kwingine, na waandishi wenzako wa humo waruhusiwa kukitumia. Si vibaya, ila ujue kabla.

Tano, usidhani kwamba habari zetu hazitakiwi. Mwaka 2022 hao hao Wizards of the Coast walichapa kitabu kiitwacho Journeys through the Radiant Citadel, chenye hadithi 13 za mchezo, zote zimeandikwa na watu wasio wazungu, nao walizitunga kwa kutazama mila za jamaa zao. Zatakiwa, na kwa sababu hiyo sharti uzilinde. Kazi ya kuajiriwa si dhambi. Mimi mpaka leo naifanya, nami huwauzia wachapaji mapango na majoka na wafalme niliowabuni asubuhi, wala sijutii hata mmoja. Lakini kitu ulichopewa na wazee, kiandike kwanza kwa lugha yako, ukiweke nyumbani, kisha ndipo upeleke mfano wake sokoni.

Baada ya yule mhariri nimepewa kazi nyingine tisa. Kila hati inapokuja, naisoma mezani kwa sauti, mke wangu akisikiliza, naye huuliza maswali kuliko mhariri yeyote. Mara mbili tumeomba neno libadilishwe, na mara moja lilibadilishwa. Basi, ndugu yangu mwalimu, siku utakapopewa kipande chako, kisome chote kabla ya kulishika jembe.